Baa Inayomulika Chupa

Baa ya nyumbani inafaa kuhakikiwa kama riwaya au filamu. Ina muundo, ina mhusika mkuu, na ina msimamo kuhusu nani muhimu humo ndani. Shida ya nyingi ninazoziona Nairobi siku hizi ni kwamba mhusika mkuu ni chupa.

Chukua ile ya binamu yangu huko Ruaka, aliyoifanyia ukarabati majuzi. Ilizaliwa 2020. Machi mwaka huo baa zilifungwa, kafyu ikaingia, na haikuondolewa hadi Oktoba 2021. Hata kabla ya hapo, sheria ya vileo ya 2010, ile tunayoiita ya Mututho, ilikuwa imebana saa: siku za kazi, saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku. Binamu akaweka meza kuukuu kwenye kona ya sebule, na sisi majirani wa jengo moja tukaizunguka. Hakuna aliyeiita baa, lakini ilikuwa baa.

Sasa meza imeenda. Mahali pake kuna kaunta ya mahogani, rafu tatu, kioo nyuma yake, na mikanda ya taa za LED inayobadilisha rangi kwa rimoti.

Nianze na mbao, maana hapo kazi ni safi. Fundi alitoka kando ya Barabara ya Ngong. Kaunta ina kimo cha sentimita 107 hivi, kama baa yenyewe, na ubao wa juu umetokeza mbele ili magoti yapate pa kukaa. Ukingo ameupiga msasa ukaviringika, pale kiwiko hutulia. Yaani huyu msee alimfikiria mnywaji. Hata alichonga mfereji mwembamba chini ya ukingo, taa ipite humo na kumulika stuli na miguu ya watu.

Mfereji huo uko mtupu. Taa zote zilipelekwa kwa rafu.

Hapo ndipo kazi inajipinga yenyewe. Wekundu wa mahogani unahitaji mwanga wenye wekundu ndani yake ndio uonekane. Ukiumulika kwa bluu, ubao unakuwa mweusi kama makaa. Wiski nayo inapoteza ile rangi ya asali. Na kwa sababu mwanga unatoka nyuma ya anayemimina, uso wake ni kivuli. Binamu amelipia mbao ghali, halafu akalipia taa za kuificha.

Linganisha na baa ndogo ambayo Adolf Loos alibuni Vienna mwaka 1908. Chumba kina takriban mita za mraba 27 tu. Pia alitumia mahogani na vioo, lakini vioo aliviweka juu, karibu na dari. Ukiketi hujioni; unaona chumba kimepanuka, na mbele yako kuna watu. Kioo cha Ruaka kiko nyuma ya chupa, kazi yake ni kuzifanya zionekane mara mbili.

Utaniambia ni nyumba yake, afanye anavyotaka. Sawa. Lakini mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, naishi kwa makala za hapa na pale, na ile meza haikuwahi kuniuliza nimeleta nini. Usiku wa uzinduzi niliingia na robo ya jini kwenye mfuko wa koti. Nilipoona rafu inavyong'aa, kila lebo inasomeka kutoka mlangoni, niliiacha humo humo mfukoni. Kufikia raundi ya pili, wageni karibu wote walikuwa wamehamia jikoni, chini ya balbu ya kawaida, wakiegemea sinki na kucheka. Picha za kaunta, lakini, zilitoka poa sana.

Huo ndio uhakiki mkali kuliko wangu: watu walihama.

Kurekebisha si ngumu. Mikanda ya rangi izimwe. Inunuliwe taa ya mwanga wa joto, boksi huandikwa 2700K, ipitishwe chini ya ukingo. Nyingine moja ining'inizwe juu ya kaunta, imulike nyuso na mikono. Chupa zibaki kwenye kiza kidogo. Anayemimina anajua zilipo. Fundi alishaacha nafasi.