Kutoka Msumari Hadi Kigumba: Mshale wa Kihadzabe Unavyoundwa

Mshale wa Kihadzabe wenye chuma una sehemu nne: mti, kigumba, manyoya na kano za mnyama zinazovifunga pamoja. Mwindaji wa bunduki anayejipakilia risasi naye hukusanya vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi. Shida yao ni moja, kila kimoja kitoke sawa na mwenzake. Tofauti ni kwamba katika Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wanakowinda Wahadzabe, hakuna mizani wala kipimo cha chuma. Kipimo ni jicho, meno na moto.

Kijiti hukatwa kibichi, huambuliwa gome na kuachwa kinyauke. Palipopinda hupashwa moto, kisha fundi hupang'ata kwa meno na kukikunja kinyume taratibu. Hukiinua, hufumba jicho moja, hutazama urefu wake wote, halafu hukirudisha motoni. Ubora wa mshale unaamuliwa hapa kuliko mahali pengine popote. Kuvuta upinde wa Kihadzabe hadi mwisho kunadai nguvu ya kiasi cha kilo 30, na nguvu hiyo inapoachiwa ghafla, mti wa mshale hujikunja ukipita ubavuni mwa upinde kabla ya kunyooka hewani. Mti mlegevu hujikunja kupita kiasi, mgumu mno hukwepa upande. Ndiyo maana mishale iliyonyooka bado inaweza kutua mahali tofauti, ikiwa unene wake haulingani.

Manyoya ya kanga au tai hufungwa nyuma kwa kano iliyotafunwa ikalainika. Ikikauka hujikaza yenyewe, na hakuna fundo linaloikaribia kwa ushupavu.

Chuma ni habari nyingine. Wahadzabe hawayeyushi madini. Hupata misumari, au vigumba vilivyo tayari kutoka kwa wahunzi wa Kidatoga, na asali ni mojawapo ya vitu wanavyolipia. Mhunzi hutumia mkaa na mivukuto ya ngozi, na chuma chekundu humtii. Mhadzabe mwenye msumari na mawe mawili huufua ukiwa baridi: huulaza juu ya jiwe moja, akaugonga kwa jingine mpaka upanuke kama jani. Ufuaji huo huongeza ugumu wa chuma, lakini anayezidisha hukipasua ukingoni. Kujua pigo la kuacha ni nusu ya ufundi wenyewe.

Si kila windo linastahili chuma. Kwa ndege na pimbi hutosha mshale wa mti mtupu uliochongwa ncha, nao ukipotea vichakani hasara yake ni jioni moja ya kazi. Kigumba kipana kama jani hukata na kumwaga damu. Kwa wanyama wakubwa hutumika kigumba chenye sumu ya mimea, inayoitwa panjube au shanjo kulingana na mmea, ambayo huvuruga mapigo ya moyo. Sehemu yenye sumu huviringishiwa ukanda wa ngozi laini, kumlinda mwenye mshale na kuilinda sumu yenyewe isikauke. Baada ya mshale kumpata mnyama, mwindaji hamkimbizi. Hurudi kambini, kisha hufuata nyayo pamoja na wenzake.

Mishale ya chuma ina safari nyingine pia. Wanaume huichezea kamari iitwayo lukuchuko, kwa kurusha vipande vya magome. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeandika kwa kina kuhusu zana za Wahadzabe mwaka 1970, alieleza kwamba upinde, mishale isiyo na kigumba cha chuma na mfuko wa ngozi haviwekwi rehani katika mchezo huo. Kwa hiyo hata aliyeshindwa vibaya huamka na zana za kumpatia chakula, na kigumba kilichofuliwa kambi moja huweza kuonekana kambi nyingine ya mbali, mikononi mwa mtu asiyemjua aliyekifua.