Namna ya Kuijua Rili Iliyosafishwa Kweli

Ukikabidhiwa rili ya kuvulia na kuambiwa imesafishwa, usianze kwa kuitazama. Mng'aro wa nje hupatikana kwa kitambaa na mafuta kidogo, na haukuambii lolote kuhusu kilichomo ndani. Anza na kidole na sikio. Zungusha mpini polepole mno, mzunguko mmoja mzima, huku kidole cha mkono wa pili kikigusa ubavu wa rili. Unatafuta punje. Chumvi iliyoganda ndani ya beringi huleta mkwaruzo mdogo unaojirudia palepale, na ukizungusha kwa kasi huupati kwa sababu mwendo unaufunika. Muuzaji akikuonyesha rili kwa kuizungusha mwenyewe mbiombio, muombe uishike wewe.

Nazungumzia hasa rili kubwa za kuburuza chambo, zile zinazokwenda nje ya mwamba Watamu, Malindi, Shimoni na Mafia kutafuta sulisuli, jodari na nguru. Wakati wa kaskazi hazipumziki. Zikirudi jioni hunyunyiziwa maji, hufutwa, na alfajiri zinatoka tena. Kazi ya kuzifungua mpaka skrubu ya mwisho husubiri kusi, bahari inapochafuka na boti nyingi zikapandishwa. Hapo ndipo ufundi unapoonekana, na ni ufundi ambao mtu anaweza kuufanya nyumbani, juu ya meza ya kawaida. Penn Senator, iliyoanza kutengenezwa Philadelphia mwaka 1936, ni rili ambayo mvuvi mwenye bisibisi anaweza kuifungua mwenyewe, na rili nyingi za kuburuza zilizokuja baadaye zinafuata mpango uleule: ubavu unafunguka, spuli inatoka, na gia zote ziko mbele yako.

Adui ni chumvi, lakini si kwa namna moja. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo punje iliyobaki ndani haikauki kabisa katika joto la pwani. Inaendelea kulowana na kula. Na pale skrubu ya chuma cha pua inapoingia kwenye fremu ya alumini, maji ya chumvi yanafanya metali hizo mbili kuwa betri ndogo, na inayoliwa ni alumini. Unga mweupe kandokando ya kichwa cha skrubu ndio ushahidi. Ukijani ndani ya grisi unatoka kwenye shaba ya gia. Fundi mzuri husoma rangi hizi kabla hajafuta chochote, kwa sababu zinamwonyesha maji yaliingilia wapi.

Kwa hiyo mimi huanza hukumu yangu kwenye vichwa vya skrubu. Mfereji wa kichwa ukiwa umetafunwa, aliyeifungua alitumia bisibisi isiyolingana, au alilazimisha skrubu iliyoganda badala ya kuidondoshea mafuta ya kulainisha kutu na kuisubiri hadi kesho yake. Mtu asiye na subira na skrubu hatakuwa nayo kwenye beringi. Fungua skrubu moja utazame meno yake. Yakiwa na utando mwembamba wa grisi ya baharini, umekutana na mtu anayejua kazi: ameitenganisha metali na metali, na amemrahisishia atakayeifungua mwaka ujao.

Kuosha kwa nje kunaweza kuiharibu rili badala ya kuiokoa, na sababu ni mpira wa maji wa kasi. Maji ya presha hayaondoi chumvi. Yanaisukuma ndani kupitia kando ya spuli. Kaza breki kwanza ili diski zake za ndani zibanane na maji yasipenye kati yake, kisha nyunyizia maji baridi yasiyo na chumvi, mepesi kama ya bomba la kuogea, ufute, halafu ulegeze breki yote kabla ya kuiweka. Breki ikiachwa imekazwa kwa wiki kadhaa, diski hugandamana na springi huchoka. Mafuta ya kopo ya kupulizia yanafukuza maji vizuri, lakini ni mepesi mno, na yanaosha grisi iliyokuwa ikilinda. Kwa nje, yaweke kwenye kitambaa na ufute. Ndani hayana kazi.

Ukifungua, tandaza kitambaa cheupe na upange vipande kwa mfuatano wa kutoka, kushoto kwenda kulia, kila kimoja kikiwa kimelala kama kilivyokuwa ndani. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu. Kuna washa nyembamba sana chini ya gia na mwisho wa mhimili ambazo hushikamana na grisi kuukuu na kutupwa pamoja nayo bila mtu kujua. Rili ikifungwa bila hizo, mpini unakuwa na mchezo wa mbele na nyuma. Shika mpini uusukume na kuuvuta: ukisikia tak-tak ambayo haikuwapo, kuna kitu hakikurudi. Metali zioshwe kwa mafuta ya taa na mswaki laini. Petroli iache, inaweza kuharibu plastiki, na mvuke wake nyumbani ni hatari ya moto.

Beringi hupimwa ikiwa kavu. Nasisitiza, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanajidanganya. Grisi mpya huficha beringi mbovu kwa siku chache; inajaza nafasi, inanyamazisha mkwaruzo, na mwenye rili anaondoka ameridhika. Fundi wa kweli huiosha mpaka isibaki na mafuta, anaikausha, anaivisha kwenye kijiti na kuizungusha karibu na sikio. Ikilia sauti moja nyembamba bila kukatika, ni nzima. Ikisita au kutoa sauti ya mchanga hata baada ya kuoshwa mara ya pili, dawa yake ni kubadilishwa. Haitibiki.

Baada ya hapo ni suala la kiasi, na kiasi ndicho kinachotofautisha mikono. Beringi za spuli ya rili ya kurusha hupewa matone ya mafuta mepesi tu, maana grisi ingezizuia kuzunguka kwa kasi. Za rili ya kuburuza, ambayo hairushwi, zinaweza kujazwa grisi nzito isiyoruhusu maji kuingia. Meno ya gia yanataka grisi ndani ya mabonde yake, si mlima juu yake. Gia ikizunguka itatupa ziada kila pembe, na ziada hiyo itafika mahali isipotakiwa. Kuta za ndani za fremu, hata zile zisizogusana na kitu chochote, zinataka utando tu, kama mafuta yanayobaki kidoleni baada ya kula andazi. Utando huo ndio kinga ya kutu.

Mahali grisi isipotakiwa ni kwenye kizuizi cha kurudi nyuma. Rili za zamani zina kidole cha chuma kinachosukumwa na springi kiangukie kwenye meno. Kikifunikwa na grisi nzito kinanata na kuchelewa kuanguka. Rili nyingi za sasa zina beringi ya upande mmoja, yenye roli ndogo zinazojibana mpini ukitaka kurudi, na hiyo inataka tone la mafuta mepesi basi. Ikipakwa grisi, roli zinateleza, na siku samaki mkubwa anapovuta, mpini unarudi nyuma kwa nguvu na kugonga vidole. Jaribu hivi: zungusha mbele kidogo, simama ghafla, rudisha nyuma. Fanya hivyo mara nyingi, sehemu tofauti za mzunguko. Mpini ukiteleza hata mara moja, usiipokee rili hiyo.

Tumefika kwenye breki, na kwangu hapa ndipo penye hukumu yenyewe. Kazi yote ya rili ni kuachia mshipi kwa nguvu isiyobadilika wakati samaki anakimbia. Breki mbaya hushika, kisha huachia kwa mruko, kisha hushika tena, na katika kile kishindo cha kwanza mshipi hukatika ingawa mzani wa kupimia breki ulionyesha kila kitu ni sawa. Mkimbio ukiendelea hali inazidi kuwa ngumu: mshipi unapopungua kwenye spuli, kipenyo kinapungua, na breki ileile inavuta kwa nguvu zaidi. Kipenyo kikifika nusu, nguvu imekuwa maradufu. Breki iliyoanza na mruko haina nafasi ya kuvumilia hilo.

Diski za kaboni zifutwe kwa spiriti, zitazamwe kwenye mwanga, na yenye kingo zilizochanika au uso uliong'aa kama kioo ibadilishwe. Kama zipakwe grisi au ziachwe kavu, inategemea rili. Nyingi za breki ya nyota, inayokazwa kwa gurudumu la umbo la nyota kando ya mpini, hufanya kazi vizuri zikiwa na utando wa grisi maalumu ya breki, ambayo pia huzuia maji kuingia. Nyingi za breki ya liva, inayokazwa kwa kusukuma liva, hutaka diski kavu kabisa, na alama moja ya kidole chenye mafuta inatosha kuivuruga. Mchoro wa mtengenezaji husema, na fundi asiyetaka kuutazama mchoro simwamini, hata awe na miaka mingi kiasi gani kazini. Tazama pia washa za springi, zile zenye umbo la kisahani. Zikiwekwa migongo ikielekea upande usio wake, breki inapanda ghafla mwisho wa liva badala ya kupanda polepole.

Ili kuipima, sihitaji bahari. Kanuni ya kawaida ni breki iwe karibu theluthi moja ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 15 hiyo ni kilo 5, uzito wa dumu la lita 5 lililojaa maji. Funga dumu kwenye mshipi, mtu ashike rili juu ya ukuta au ngazi, mshipi uning'inie moja kwa moja bila kupita kwenye fimbo. Legeza breki kidogo kidogo mpaka dumu lianze kushuka. Linatakiwa lianze kushuka bila kutikisika, na liendelee kwa mwendo uleule mpaka chini. Likishuka kwa ngazi-ngazi, diski ni chafu au zimepinda. Liache lining'inie dakika kumi ukiwa umekaza, kisha legeza tena: breki iliyosafishwa vizuri haikumbuki kwamba ilikuwa imesimama. Kwa breki ya liva, ongeza jaribio moja. Rudisha liva mahali pa kuachia huru baada ya kuweka nguvu hiyo, na uone kama spuli inazunguka bila kuburutwa. Ikiburutwa, marekebisho yamekazwa kupita kiasi au springi zimegeuzwa.

Kwa rili ndogo za kurusha zenye spuli isiyozunguka, angalia kwanza kile kiroli kidogo ambacho mshipi unapita. Ndicho kinachokufa mapema kuliko vyote, kwa kuwa kila tone la maji ya chumvi hupitia hapo, na kikishasimama kinaanza kukwaruza mshipi. Kisukume kwa ncha ya ukucha. Kisipozunguka, hayo mengine hayakusafishwa pia.

Ukimpa fundi kazi, mwombe mambo mawili kabla hujaacha rili: akurudishie kwenye mfuko vipande vyote alivyobadilisha, na asijaze mshipi mpaka umeijaribu mwenyewe. Beringi ya zamani mkononi mwako inaonyesha kama ilistahili kutoka. Kisha, baada ya safari ya kwanza baharini, kaza tena skrubu za ubavu kwa bisibisi inayolingana, robo ya mzunguko au chini ya hapo, kwani grisi mpya kwenye meno hujipanga kwa mtikisiko wa boti na skrubu hulegea kidogo. Kama kuna tone la maji yenye rangi ya maziwa linalotoka kando ya ubavu, ifungue siku hiyohiyo. Bahari imeshaingia kwenye grisi.