Picha za Ngoma na Yale Yasiyoonekana Ndani Yake

Mara nyingi twasikia ya kwamba ngoma ikisha kupigwa picha imehifadhiwa. Neno hili ni kweli nusu, na nusu iliyobaki yaweza kutupotosha sisi wenye kazi ya kuandika desturi. Picha humhifadhi mchezaji. Mchezo wenyewe hauhifadhi.

Mfano ulio wazi watoka Ulaya, ambako picha za namna hii zilipigwa na fundi hodari zikatunzwa kwa uangalifu. Mwaka 1912, mjini Paris, Vaslav Nijinsky wa Urusi alicheza mchezo alioutunga mwenyewe, L'Après-midi d'un faune, kwa muziki wa Claude Debussy. Adolph de Meyer akawapiga picha wachezaji wake, na mwaka 1914 picha 30 zikatolewa katika kitabu. Kwa kuwa hakuna sinema ijulikanayo ya Nijinsky akicheza, kitabu hicho ni hazina. Twaona viganja vilivyonyoshwa, na miili iliyogeuzwa upande kama watu waliochorwa juu ya vyombo vya Wayunani wa kale. Lakini wachezaji wamesimama mbele ya kamera. Ni mguu upi uliotangulia? Walitulia kwa muda gani? Mwenye kutazama picha peke yake aweza kudhani ya kuwa mchezo wote ulikuwa kusimama tu.

Jibu lilipatikana katika maandiko. Mwaka 1915 Nijinsky aliuandika mchezo wote kwa alama. Zikakaa miaka mingi bila mtu wa kuzisoma sawasawa, mpaka Ann Hutchinson Guest na Claudia Jeschke walipozifasiri, na kazi yao ikachapishwa mwaka 1991. Picha zilitoa sura, alama zikatoa mwendo.

Ikiwa ndivyo kwa mchezo wa dakika zipatazo kumi, ambao mtungaji wake ajulikana kwa jina, hali ya ngoma zetu ni ngumu zaidi. Wamisionari wa Basel, na wale wa Leipzig waliohudumu Kilimanjaro, na wengine wengi, walipiga picha katika Afrika. Nyingi zimekusanywa na Chuo Kikuu cha Southern California, hata mtu aliye mbali aweza kuzitazama. Kazi hiyo yastahili sifa. Ila picha ya ngoma ikiandikwa chini yake kwamba ni ngoma ya wenyeji, basi, msomaji amepewa nini? Ni ngoma ya mavuno, ya arusi, au ya msiba? Jina lake nani aliliuliza?

Jambo hili si dogo kwa kanisa. Huko Masasi, tangu mwaka 1913, Padre Vincent Lucas wa Universities' Mission, ambaye baadaye alikuwa askofu, alilitia jando ibada za Kikristo. Picha ya vijana wa jando isiyo na mwaka wala maelezo haiwezi kutuambia kama twaona desturi ya kale au ile iliyogeuzwa. Na mwenye kuikubali ngoma, au kuikataza, kwa kutazama picha ya namna hiyo, ahukumu asilolijua.

Kwa hiyo mkusanyo wa picha usipimwe kwa wingi wake, bali kwa maandiko yafuatanayo nazo. Waalimu wenzangu walio na picha za zamani katika masanduku ya misioni wasitosheke na kuzikinga na mchwa. Na wazichukue kwa wazee waliozicheza ngoma hizo, wakaulize jina la ngoma, majira yake, ni nani aanzaye wimbo, ni nani aitikiaye, na miguu huendaje. Majibu yaandikwe kwa lugha ya mzee mwenyewe, pamoja na mwaka na mahali, yakawekwe pamoja na picha. Picha yaweza kungoja sandukuni miaka 100; mzee hawezi.