Ukinunua Besi, Nunua Shingo

Gitaa la besi la bei nafuu na lile la bei kubwa mara nyingi hukatwa na mashine za aina moja. Siku hizi kiwiliwili cha gitaa huchongwa na mashine inayoongozwa na kompyuta, na mashine haijui kama mbao iliyo mbele yake itauzwa kwa bei ya simu au kwa bei ya pikipiki mpya. Tofauti huanza pale mashine inapozimwa. Kwenye vyombo ghali yupo mtu anayekaa na shingo moja kwa saa kadhaa, tupa mkononi, akisawazisha freti, vile vyuma vyembamba vilivyokingama kwenye shingo, na kulainisha ncha zake mpaka mkono wa mpigaji uteleze bila kukwaruzwa. Kwenye vyombo rahisi mtu huyo hupewa dakika chache tu, kisha gitaa linaingia kwenye boksi. Ndiyo maana naamini kwamba anayenunua besi ya bei nafuu ananunua kazi iliyoachwa njiani, na kazi hiyo inaweza kumaliziwa hapa hapa kwetu na fundi mwenye subira.

Kwamba inaweza kumaliziwa ni jambo la kumshukuru Leo Fender. Huyu hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, aliyefungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938. Mwaka 1951 alipoitoa Precision Bass, besi yake ya umeme, wapiga besi wengi walikuwa bado wanabeba lile besi kubwa la kusimama, ambalo lilimezwa na ngoma na tarumbeta, na ambalo sauti yake sahihi ilitafutwa kwa sikio na uzoefu. Yeye aliweka freti, akaufanya uzi uwe na urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86 na kitu, na shingo akaifunga kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne. Skrubu hizo nne nazihesabu kuwa wazo kubwa kuliko yote. Shingo za magitaa mengi kabla yake zilibandikwa kwa gundi, na ikiharibika moja, gitaa zima liko mashakani. Yeye alifikiri kama mtu aliyezoea kufungua redio za watu: kilichochoka kitoke, kizima kiingie, mwenye mali arudi kazini. Mwaka 1957 Precision ilipata pikapu, yaani kile kinasa sauti cha sumaku kilicho chini ya nyuzi, iliyogawanywa vipande viwili vinavyofutiana mvumo wa umeme, na mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass yenye pikapu mbili. Besi nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo zinafuata mojawapo ya mifano hii miwili, au zinachanganya pikapu za yote miwili.

Na watu hawakungoja ruhusa ya kiwanda. Mwaka 1961, kabla hajajiunga na bendi ya Rolling Stones, Bill Wyman alinunua besi rahisi iliyokwisha kutumika, akakipunguza kiwiliwili chake, akang'oa freti kwa nia ya kuweka mpya. Alipoipiga ikiwa tupu hivyo, sauti ilimpendeza, akaiacha ilivyo. Jaco Pastorius wa Florida alijulikana dunia nzima kwa Jazz Bass ya mwaka 1962 isiyo na freti, ambayo mifereji yake ilizibwa na ubao wake ukapakwa epoksi ya mashua ili nyuzi zisiule. Albamu yenye jina lake, ya mwaka 1976, ilibadilisha namna watu wanavyoisikia besi. Simshauri mtu ang'oe freti za besi yake ya kwanza. Nawataja hawa wawili kwa sababu walikiangalia chombo kama kitu ambacho bado kinaendelea kutengenezwa.

Sasa tuingie dukani. Ukutani utaona Squier, Yamaha, Ibanez na majina mengine usiyoyajua. Squier lilikuwa jina la kampuni ya zamani ya nyuzi kutoka Michigan. Kampuni ya Fender iliinunua mwaka 1965, na mwaka 1982 jina hilo likafufuliwa kwa ajili ya magitaa ya bei ya chini. Rangi usiiangalie. Kiwiliwili kiwe cha mpopla au cha basiwudi, usihangaike nacho sana, maadam si kizito cha kukuumiza bega, na shingo haianguki chini ukiiachia besi ikining'inia kwenye mkanda. Macho yako yote yapeleke kwenye shingo. Ishike besi kama anayelenga shabaha, uangalie kutoka upande wa kiwiliwili kuelekea kwenye vigingi vya kukazia nyuzi. Kupinda kidogo kwenda mbele si tatizo, nyuzi nne zinaivuta shingo hiyo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70, na ndani yake kuna fito ya chuma ya kushindana na mvuto huo. Tatizo ni shingo iliyosokotwa, ambayo ukingo mmoja umeinuka na mwingine umelala. Hiyo irudishe ukutani hata kama ni nusu bei. Mwombe muuzaji ufunguo, uhakikishe kwamba nati ya ile fito inazunguka pande zote mbili. Kisha piga kila freti kwenye kila uzi, taratibu, bila spika. Watu watakuangalia. Waache.

Besi iliyotumika ina faida moja ambayo mpya haina: mbao zake zimekwisha kutulia. Chombo kipya kinatoka kiwandani Indonesia au China, kinasafiri kwenye kontena, kinashushwa Dar es Salaam kwenye hewa yenye unyevu, na pengine kinaishia kwenye kwaya Dodoma ambako kiangazi hukausha kila kitu. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Pwani shingo huelekea kupinda mbele, nyuzi zikapaa na vidole vikachoka. Bara, ubao wa shingo husinyaa lakini chuma hakisinyai, na ncha za freti hutokeza pembeni zikaanza kuchana mkono. Mwenye besi hudhani ameuziwa kimeo, kumbe mbao imefanya kile ambacho mbao hufanya popote.

Hapa ndipo fundi anapohitajika. Yupo mmoja Kinondoni ambaye karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba, na kazi yake kubwa inatoka kwa vijana wa bendi za makanisani. Kijana huingia na besi mgongoni. "Shikamoo, fundi. Naomba unibadilishie pikapu." Fundi hujibu, "Marahaba. Lete kwanza niione shingo." Huilaza besi mezani, anaweka nyuzi kwenye sauti zake, halafu anaitazama tu kwa muda. Kisha anachukua kile kipimo cha mafundi magari cha vijibamba vya chuma, cha kupimia mwanya wa valvu. Anaubana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, halafu anachomeka kibamba kati ya uzi na freti ya saba. Anatafuta mwanya wa milimita 0.3 hivi. Ukizidi, anakaza ile fito robo mzunguko, si zaidi, kisha anaiacha shingo ipumzike. Kesho yake anapima tena. Kukaza kwa pupa kunaweza kuikata fito, na fito ikikatika ndani ya shingo, ile faida yote ya bei nafuu imekwisha.

Shingo ikinyooka, nyuzi zinatoka na freti zinakaguliwa. Ana kipande kifupi cha chuma chenye ukingo ulionyooka kabisa. Anakiweka juu ya freti tatu kwa wakati mmoja na kukitikisa kwa kidole. Kikitulia, anasogea. Kikibembea na kutoa mlio mdogo wa tik tik, freti ya katikati imeinuka, naye anaitia alama kwa penseli. Anapita hivyo mpaka freti ya mwisho, katika njia ya kila uzi. Freti nyingi zinazosumbua kwenye besi rahisi hazihitaji tupa. Kiwandani hazikukaa vizuri kwenye mifereji yake, basi. Tone la gundi kali, nyundo ya plastiki, kibano kwa dakika chache, na nyingi zinarudi mahali pake. Fundi asiye na subira angezisaga zote, na kuondoa chuma ambacho hakitarudi tena.

Zilizobaki ndizo anazosawazisha. Anafunika ubao kwa karatasi ya gundi, anapaka wino wa kalamu nene juu ya kila freti, kisha anachukua chuma kirefu kilichonyooka ambacho upande wa chini amebandika msasa. Hakikandamizi. Uzito wa chuma chenyewe unatosha. Kinakwenda na kurudi kufuata urefu wa shingo, na wino unafutika kwanza kwenye freti ndefu, ilhali fupi zinabaki nyeusi. Mara tu wino unapoguswa kwenye freti ya mwisho, anasimama, hata kama mkono bado una hamu. Freti sasa zina kimo kimoja, lakini vichwa vyake vimekuwa bapa, na uzi unaolala juu ya kichwa bapa hutoa sauti iliyopotoka kidogo. Kwa hiyo anapaka wino tena na kuchukua tupa ya pembe tatu ambayo kingo zake amezisaga zisiume mbao. Anaipa kila freti mviringo kutoka pande mbili mpaka juu yake ubaki mstari wa wino mwembamba kama unywele. Halafu zinafuata msasa 400, 600, 1000, 2000, na sufi laini ya chuma, baada ya kuziba pikapu kwa karatasi ili sumaku zisinase vumbi lake. Mwisho kabisa anapitisha soksi ya nailoni kwenye ukingo wa shingo. Nailoni ikinasa popote, ncha hiyo inarudiwa.

Nati ya kubebea nyuzi, kile kijipande kilicho kati ya shingo na vigingi, kwenye besi rahisi huwa ni plastiki tupu ndani na mifereji yake iko juu mno. Ukibana freti ya kwanza, uzi unanyooshwa na sauti inapanda, na mpigaji analaumu sikio lake. Huyu fundi huitengeneza upya kwa mfupa wa ng'ombe anaoupata buchani, aliouchemsha na kuukausha mafuta yakatoka, au kwa masalia ya mpingo kutoka kwa wachongaji wa Mwenge. Mpingo unafaa sana. Ni mgumu, na una uzito wa kuzama majini. Ni wa ukoo mmoja na ule mti wa rozwudi ambao viwanda viliutumia kwa mbao za shingo kwa miaka mingi, hadi masharti ya mwaka 2017 ya biashara ya kimataifa ya miti hiyo yalipowafanya wengi wahamie miti mingine. Mfereji anauchimba kidogo kidogo. Kila mara anabana uzi kati ya freti ya pili na ya tatu, kisha anaugonga juu ya ile ya kwanza kwa ncha ya kidole. Mwanya ukibaki mdogo kiasi kwamba anausikia kuliko anavyouona, amefika.

Baada ya hapo mambo mengine ni mepesi. Anateremsha nyuzi mpaka milimita 2.4 kwa mnene na 2 kwa mwembamba, akipima juu ya freti ya 17. Anasogeza viti vya nyuzi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea kiwiliwili, mpaka sauti ya freti ya 12 ilingane na ule mwangwi unaotoka ukigusa uzi hapo hapo bila kuubana. Uzi mnene huachiwa urefu zaidi, kwa sababu kuubana kunapandisha sauti yake kuliko mwembamba. Ndani anaweka karatasi ya shaba kwenye matundu ya umeme na kuiunganisha na waya wa ethi, ili mvumo wa jenereta na taa za ukumbini upungue. Vitasa vya kuongeza na kupunguza sauti vinavyokwaruza anavibadilisha, na viungo vya risasi vilivyolegea anavilehemu upya.

Nyuzi nazo ni mabadiliko makubwa kwa gharama ndogo. James Jamerson, ambaye besi yake iko kwenye nyimbo nyingi za kampuni ya muziki ya Motown za miaka ya 1960, alitumia Precision ya mwaka 1962 yenye nyuzi bapa, zile zilizozungushiwa utepe laini badala ya waya wa mviringo, na hakuzibadilisha mpaka zikatike. Anayetaka sauti nzito na ya mviringo, kwa dansi au kwa kwaya, ajaribu nyuzi hizo kabla ya kuwaza pikapu mpya. Mara nyingi hatawaza tena.

Sisemi pikapu nzuri haina maana. Nasema iwe ya mwisho. Nimeona besi zenye pikapu za gharama lakini freti zake zinagonga, na mwenye nazo bado anatafuta kasoro kwenye spika. Basi ukiwa na fedha kidogo, nunua besi yenye shingo iliyonyooka, bakiza nyingine mfukoni, uipeleke kwa fundi kabla ya kuipeleka jukwaani. Kaa umwangalie anavyofanya. Na akikutajia bei, usimpunguzie, kwa sababu unalipia zile saa ambazo kiwanda hakikuzilipa.