"Lainisha Bushi Zote": Kitenzi Kimoja, Kazi Tatu

Tumeletewa, ili tuitolee maoni, rasimu ya tafsiri ya maelekezo ya kulitunza gari jepesi la michezo aina ya Triumph Spitfire, lililoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1962 hadi 1980. Lugha yake ni fasaha, na mtafsiri amefanya vyema kulichukua neno bushi kama lilivyo vinywani mwa mafundi badala ya kutubunia jingine. Lakini ipo sentensi moja, tena imerudiwa mara nyingi, inayotutia mashaka: "Lainisha bushi zote."

Katika lugha ya kila siku kulainisha ni ama kuondoa ukwaruzo, ama kukifanya kitu kigumu kiwe chororo. Kwenye bushi ya mpira maana hizo mbili hugombana. Bushi hiyo, ambayo katika gari hili hukaa kwenye mikono inayoshikilia magurudumu ya mbele, haitelezi. Mpira umeshikamana na bomba la chuma, na mkono unapopanda na kushuka, mpira hujisokota kisha hurejea. Hakuna msuguano wa kupunguzwa. Fundi akiitii rasimu na kupaka grisi itokanayo na petroliamu, mpira wa asili utavimba, utakuwa tepetepe, na bushi itakufa. Hapo kitenzi kitakuwa kimetimizwa, ila kwa maana isiyotakiwa!

Kwa sababu hiyo hiyo boliti za bushi hizo hukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hubaki umesokoteka hata gari linapotulia. Rasimu imelipunguza agizo hilo likawa "kaza boliti" tu.

Nyuma ya gurudumu hilo hilo mambo ni kinyume kabisa. Ipo nguzo ya chuma yenye hesi, ambayo huzunguka ndani ya kipande cha shaba kila usukani unapogeuzwa. Hapa chuma na shaba husuguana kwelikweli. Watengenezaji waliagiza itiwe oili nzito ya gia, wala si grisi, kwa kuwa oili hupenya na kuenea ndani ya hesi, ilhali grisi huweza kukauka na kuziba njia. Nguzo ikikosa oili, maji huingia, kutu huila, na huweza kukatika gari likiwa mwendoni. Msomaji ataona kwamba hatubishanii mapambo ya lugha.

Tena siku hizi wenye magari hayo wengi huondoa bushi za mpira na kuweka za poliurethani. Hizo huteleza juu ya bomba lake, na hupakwa grisi ya silikoni, zisipopakwa, hulia.

Huenda tukajibiwa kwamba dhana moja yataka istilahi moja. Twakubali, ila hapa dhana si moja. Kilainishi na libaki jina la jumla, lifaalo hati za zabuni na vitabu vya bohari. Katika maagizo ya kazi, mafundi wetu wana vitenzi vyao tangu zamani: kutia oili, kupiga grisi kwa bomba, kupaka grisi kwa mkono. Kila kimoja hutaja kitu chenyewe na namna ya kukitia, jambo ambalo kulainisha hakuliwezi. (Neno mafuta tusilitaje, msomaji mmoja atafikiria petroli na mwingine jiko.) Lililopungua ni agizo la kukataza, nalo laweza kuandikwa pasipo istilahi mpya hata moja: "Bushi ya mpira: usitie kitu."

Tumeirudisha rasimu kwa mtafsiri, tukimwomba aorodheshe bushi moja moja, kila moja na agizo lake, kabla kazi haijapigwa chapa.