Kasoro za Kozi za Mtandaoni: Mwalimu Asiyetusikia

Hapa Bujumbura wanafunzi wengi huzisifu kozi za mtandaoni, na sababu zao si za kubeza. Mafuta yanapoadimika, mabasi hupungua, na mwanafunzi wa Kamenge au Kanyosha hulazimika kutembea kwa miguu hadi darasani. Anayesoma kwa simu hahitaji nauli. Mimi pia nilivutwa na hoja hiyo, nikajiandikisha katika kozi ya miezi mitatu ya kufundisha Kiswahili. Ada alinilipia dada yangu mkubwa kutokana na akiba ya biashara yake ya ndagala.

Kasoro ya kwanza inajulikana na kila mtu: umeme na intaneti. Video moja ya somo ilinimalizia kifurushi, na mara nyingi umeme ulikatika kabla sijatuma zoezi. Lakini tukiishia hapo, tutadhani kwamba siku umeme utakapotengemaa kozi hizi hazitakuwa na dosari. Mimi sikubaliani.

Kasoro kubwa zaidi niliigundua baada ya kufaulu. Mitihani yote ilikuwa ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Nilipata alama 92 kwa 100, nikapewa cheti. Wiki iliyofuata nikaenda kufanya mazoezi ya kufundisha Buyenzi, mtaa ambao watu wake huzungumza Kiswahili nyumbani na sokoni. Niliandika ubaoni: "Watoto wanataka kula." Nilipoisoma sentensi hiyo kwa sauti, darasa likaangua kicheko. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, hata watoto wanapiga kura?"

Chanzo cha kosa langu kinaeleweka. Lugha yangu ya kwanza ni Kirundi, nacho hakitumii sauti za l na r kutofautisha maana kama kinavyofanya Kiswahili. Sisi husema "kurya", na ulimi umezoea hivyo. Mhadhiri yeyote angelisikia kosa hilo siku ya kwanza na kunisahihisha. Kwa miezi mitatu nilisikiliza sauti ya mwalimu iliyorekodiwa, lakini hakuna aliyenisikiliza mimi. Zile alama 92 zilipima nilichoweza kukisoma, wala hazikupima nilichoweza kukitamka.

Jirani zetu wamekwisha kuyaona haya. Nchini Uganda shule zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Mtoto mwenye redio alimsikia mwalimu, lakini mwalimu hakuweza kujua mtoto huyo amekwama wapi. Hapa Burundi shule hazikufungwa wakati ule, kwa hiyo tuna nafasi ya kujifunza kutokana na yaliyowapata wenzetu.

Sisemi kwamba elimu ya masafa haifai kabisa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, hufundisha kwa masafa, lakini kina vituo mikoani ambako wanafunzi hukutana na walimu ana kwa ana na kufanyia mitihani. Kozi niliyosoma mimi haikuwa na kituo, wala mtu wa kumwuliza swali.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Wanafunzi wenzangu, kabla hamjalipa, ulizeni: ni nani atakayenisikiliza nikizungumza, na mara ngapi? Nanyi wahadhiri wetu, msikipokee cheti cha lugha cha mtandaoni kabla ya kumsikiliza mwenye cheti, hata kwa dakika kumi tu. Mimi sasa huenda Buyenzi kila Jumamosi kujifunza kutamka, na dada yangu bado ananiuliza ni lini nitaanza kufundisha.