Chati ya urefu haijui unataka kucheza nini

Ukitaka kununua baiskeli ya gurudumu moja, swali la kwanza utakaloulizwa ni urefu wako. Chati ipo tayari: mtoto achukue inchi 16, mtu mzima inchi 20, mrefu zaidi inchi 24. Ni ushauri rahisi, unaenea kwenye kikaratasi kimoja, na pengine ndiyo maana unapendwa. Lakini kama lengo lako ni fristaili, yaani ile michezo ya ufundi inayochezwa kwenye sakafu ya ukumbi, mara nyingi kwa muziki, chati hiyo inajibu swali ambalo hukuliuliza. Na pesa itakayotoka ni yako.

Tuitendee haki kwanza. Miguu ni kizuizi cha kweli. Pedali ikiwa chini kabisa, goti linatakiwa libaki limekunjika kidogo tu. Kama siti imeshushwa mpaka mwisho na bado hufiki vizuri, gurudumu hilo ni kubwa kwako, basi. Hapo ndipo kazi ya chati inapoishia. Mtu mzima wa sentimita 155 na mwenzake wa sentimita 185 wote wanaweza kujifunza fristaili kwenye inchi 20. Kinachobadilika ni urefu wa bomba la siti, kitu ambacho fundi anakibadilisha kwa dakika chache.

Giya uliyonayo ni moja

Baiskeli hii ya kawaida haina mnyororo. Mikono ya pedali imefungwa moja kwa moja kwenye ekseli, kwa hiyo giya yako ni uwiano kati ya nusukipenyo cha gurudumu na urefu wa mkono wa pedali. Hebu tupige hesabu.

Gurudumu la inchi 20 lina nusukipenyo cha karibu milimita 254. Ukiwa na mikono ya milimita 125, kila nyutoni 100 unazokanyaga zinafika sakafuni kama nyutoni 49. Ukiweka mikono ya milimita 100, zinafika 39. Umepoteza nguvu ya kusimamisha gurudumu na kulirudisha nyuma, lakini umepata kitu: kwa mzunguko mmoja mguu unasafiri milimita 628 badala ya 785. Nyonga hazichezi sana, na kuzunguka kwenye duara dogo kunakuwa laini.

Sasa mchukue yule mrefu aliyeambiwa achukue inchi 24. Kwa mikono ileile ya milimita 125, nyutoni zake 100 zinabaki 41. Amepoteza nguvu karibu sawa na mwenye mikono mifupi, ila miguu yake bado inasafiri milimita 785. Alichopata ni mwendo, na kwenye fristaili mwendo si hoja. Hapo chati haijakosea kidogo. Imempeleka njia nyingine kabisa.

"Chukua tairi nene, inafanya yote"

Huu ni ushauri wa pili utakaoupata, tena kutoka kwa watu wanaojua kuendesha. Wanakuelekeza kwenye baiskeli za kuruka vizuizi, zenye tairi nene la vishikizo. Kwa kuruka ngazi wako sahihi: tairi pana lenye upepo mdogo linameza mshindo. Ila kwenye fristaili unajizungusha sana, na hapo tairi hilo linakubana.

Chukua uzito wa nyutoni 700, wewe pamoja na baiskeli. Upepo ukiwa kilopaskali 200, kama PSI 29, tairi linagusa sakafu kwa takriban sentimita 35 za mraba. Ukifika kilopaskali 400, kama PSI 58, eneo linakuwa nusu yake. Ni makadirio, kwa sababu ukuta wa tairi nao unabeba sehemu ya uzito, lakini mwelekeo ndio huo. Eneo likipungua nusu bila kubadilika umbo, ukinzani wa msuguano dhidi ya kujizungusha papo hapo unapungua kwa karibu asilimia 30. Kwa mtu anayejifunza, hiyo ni tofauti kubwa. Kwa hiyo tafuta tairi jembamba kiasi, laini, lisiloacha alama sakafuni, na ujaze upepo bila kuvuka kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake.

Sehemu inayosahaulika

Siti, tairi, mikono ya pedali: vyote vinabadilika. Fremu ndiyo utakayoishi nayo. Hata hivyo chati haina hata mstari mmoja kuihusu.

Angalia pale juu ya tairi, fremu inapounganisha miguu yake miwili. Nyingine zimepinda kama upinde, nyingine zina mabega mawili bapa. Ukiendesha kwa mguu mmoja, mguu wa pili unakaa kwenye bega hilo. Ukiteleza, mguu mmoja unafunga breki juu ya tairi na mwingine unapumzika begani. Ukitaka kusimama juu ya fremu, unasimama hapo hapo. Kwenye fremu ya upinde, nyayo inateleza. Utajilaumu kwamba huna usawa, kumbe huna pa kukanyaga.

Kwa hiyo geuza mpangilio wa maswali. Anza na mabega bapa. Kisha gurudumu la inchi 20, tairi laini linalokubali upepo mwingi, na mikono ya milimita 125 mpaka uweze kwenda mbele na nyuma papo hapo bila kuhema. Ukishaweza, jaribu mifupi. Kabla ya kununua, uliza ekseli ni ya pembe nne au ya meno, maana mikono ya aina moja haiingii kwenye nyingine. Urefu wako uje mwishoni, wakati wa kuchagua bomba la siti.

Na kabla hujapanda, tafuta herufi L na R kwenye pedali. Pedali ya kushoto ina hesi zinazokazwa kinyume. Gurudumu likifungwa kinyumenyume, pedali zitajifungua zenyewe taratibu huku unaendesha, na utalijua hilo ukiwa tayari uko chini.